Filme mbili nilizoonyesha Tantine Victorine

Ntumba, uko? Jibu!

Unakumbuka zile filme mbili za kuogopesha, tulibishana gani inapita ingine? Mu ya kwanza, mutoto anaingiliwa na pepo mubaya, anaua bazazi bake, baba na mama. Mu ya pili pepo haiko! Bazazi njo banamufungia mutoto mu chumba bila chakula mpaka anakufa.

Leo niliziweka zote kwa Tantine, shangazi yangu. Kwa kusudi! Tangu yaya, dada yangu mukubwa, alikufa, Tantine anaita Abigaïl, mutoto mwenye yaya aliacha, mulozi, ati njo alimuua. Nikawaza, akiona ya pili, ataelewa.

Filme zikaisha, Tantine akaniuliza: "Clément, umeona tofauti?"

Nilifurahi, Ntumba. Nilifurahi!

Tantine akaendelea: "Mu ya kwanza bazazi balichelewa. Mu ya pili balifanya mbio, njo maana balipona."

Balipona! Njo vile alisema!

Akamushika Abigaïl mukono, akamupeleka ku chumba cha maombi, hapa Kamalondo. Yeye na bantu ba maombi bamefunga mulango. Nagonga, beko banaimba tu.

Kuya na bantu. Kuya sasa.

Tantine akimuvuta, niliona Abigaïl ameficha mukate chini ya nguo, mu robe yake. Naye alikuwa anaangalia filme, Ntumba. Hakuna mwenye alimuona anaangalia.