Simu ya Pili

Mgwashi, 6 Machi 2023

Mdogo wangu Kassimu,

Hujambo, ndugu yangu? Kifua kimepoa? Sisi wa huku ni wazima, isipokuwa mama anasumbuliwa na magoti kwa ukungu huu. Barua hii nampa Marietha, mke wa huyo Paskali unayelala naye mahabusu. Ataipitisha ndani ya mfuko wa sukari. Ukishaisoma, ichane.

Jumatano nilishuka tena Tanga mahakamani. Mwendesha mashtaka kasimama, kasema upelelezi haujakamilika, kaketi. Mwaka wa pili huu anasema hayo hayo. Wakili wetu Benedikto akaomba dhamana, akajibiwa kesi ya ugaidi haina dhamana.

Kwenye basi la kurudi, redioni walikuwa wanabishania jambo hilo hilo. Mmoja alisema mtu asiye na ushahidi dhidi yake aachiwe. Mwingine, sauti ya mtu aliyeshiba, akasema, "Bora wateseke wachache kuliko taifa zima kulipuka." Abiria wakaitikia, ndiyo, ndiyo. Nilitaka kuwaambia mmoja wa hao wachache amekulia mgongoni kwangu.

Sasa sikiliza. Aliyekuchomea utambi kwa polisi ni Amiri, dalali wa mboga wa gulio la Soni. Kajisema mwenyewe kwenye mgahawa wa Hamisi: "Kassimu alitaka kuniharibia soko, nikammaliza kwa simu moja." Tangu uwashawishi wakulima wapeleke karoti zao Dar bila kupitia kwake, alikuwa anakutafuta. Wale wanunuzi wawili wenye ndevu waliolala kwako, yeye ndiye aliyewageuza magaidi.

Nikimwona anacheka gulioni, mikono inaniwasha. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Sabra


Mahabusu, Tanga, 19 Machi 2023

Dada Sabra,

Shikamoo. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie nakula vizuri, hata kama si kweli. Kifua bado. Tunalala ubavu kwa ubavu, akigeuka mmoja tunageuka wote.

Kumbe Amiri. Aliyekula pilau ya harusi yangu.

Usimtukane, usimpige. Piga simu kama aliyopiga yeye. Waambie polisi kwamba wale wageni walipotoka kwangu walikwenda kulala kwake, na kwamba yeye na mimi tulikuwa tukikutana nao. Hawatakuuliza ushahidi, maana kwangu hawakuuliza. Naye asimame pale mahakamani aambiwe haina dhamana.

Usinionee huruma, dada. Fanya.

Mdogo wako,
Kassimu


Mgwashi, 11 Aprili 2023

Mdogo wangu Kassimu,

Marahaba. Mama mzima, na mbuzi wako mwekundu kazaa pacha.

Nimefanya. Walimchukua gulioni Soni, amekalia magunia ya viazi kama kawaida yake. Alikuwa analia, "Jamani, mimi si ndiye niliyewasaidia?" Wakamsukumia garini. Mimi nilikuwa nachagua nyanya, hatua chache kutoka pale. Niliendelea kuchagua.

Siku hiyo nililala usingizi ambao sijaupata tangu uondoke.

Dada yako,
Sabra


Mahabusu, Tanga, 2 Juni 2023

Dada Sabra,

Shikamoo. Habari za magoti ya mama?

Ameletwa, tena chumba chetu! Amepewa nafasi ya kulala kando ya ndoo ya choo. Aliponiona alitaka kurudi mlangoni. Nikamwuliza, "Dalali, hapa sokoni kwetu bei gani?" Watu wakacheka, hata Paskali ambaye huwa hacheki.

Baadaye alinong'ona, "Kassimu, nisamehe. Nilidhani watakushikilia wiki moja tu, msimu unipite salama." Wiki moja, dada! Halafu akauliza nani aliyempigia simu. Nikamjibu, "Mtu aliyejifunza kwako."

Wametuunganisha kwenye shauri moja. Tunasimama pamoja kizimbani, na kila akiomba dhamana na kunyimwa namtazama usoni mpaka anainamisha kichwa.

Mdogo wako,
Kassimu


Mgwashi, 20 Julai 2023

Mdogo wangu Kassimu,

Marahaba, baba. Huku baridi kali, tunaota moto mchana.

Nina neno zito. Benedikto alipanda mpaka nyumbani. Anasema kabla ya Amiri kukamatwa walikuwa hawana kitu juu yako, na huenda wangelifuta shauri. Sasa wanasema mlikuwa kundi, kwa sababu ya simu yangu. Nilitaka kumkaza Amiri, nimekukaza na wewe. Anasema aliyepiga simu akijitokeza na kukiri alidanganya, shauri halina mguu, mtatoka wote wawili.

Shukrani, mke wa Amiri, naye alikuja. Hajui ni mimi. Alikaa jikoni kwa mama akalia: "Wamshitaki kwa kitu kinachoeleweka au wamwachie." Kassimu, hayo ni maneno yangu. Nimeyasema mahakamani, msikitini, kila mahali. Nilimmiminia chai.

Nifanyeje?

Dada yako,
Sabra


Mahabusu, Tanga, 8 Agosti 2023

Dada,

Shikamoo.

Usiende. Mimi nimeshaoza humu, miezi zaidi hainiongezei kitu. Yeye bado mbichi. Namsikia akilia akitaja majina ya wanawe, ndipo mimi napata usingizi. Acha akae. Nitakaa naye.

Ukienda polisi, usiniite tena mdogo wako.

Kassimu


Mgwashi, 15 Agosti 2023

Mdogo wangu Kassimu,

Marahaba. Mdogo wangu ni wewe, utake usitake.

Barua yako imenikuta nimeshakwenda. Askari aliniuliza, "Ulidanganya?" Nikasema nilidanganya. "Kwa nini?" Nikamwambia, "Kwa sababu mlimwamini wa kwanza."

Wakaniweka ndani kwa kutoa taarifa za uongo. Kabla ya adhuhuri nikapewa dhamana. Umesikia? Nyinyi msiofanya kosa hamna dhamana; mimi niliyefanya nimerudi nyumbani kukamua ng'ombe. Aliyenidhamini ni Shukrani. Benedikto alikuwa ameshamwambia yote. Hakunitazama usoni.

Benedikto ameyapeleka maelezo yangu kwa waendesha mashtaka, na anatumaini mtaachiwa mwezi huu.

Lakini usidhani nimemhurumia Amiri. Humo ndani amejificha nyuma ya nondo, kila mtu anamwonea huruma. Namtaka pale Soni, mchana, gulio limejaa. Nitasimama mbele ya wakulima wote nitaje alichokufanyia, kisha nitaje nami nilichomfanyia, halafu tuone nani atamuuzia hata fungu moja la mchicha, na nani atanisalimia mimi.

Ukitoka, usimguse. Huyo niachie mimi.

Dada yako,
Sabra