Miaka Yako Kwenye Kalenda Yangu

Arusha, shamba la maua

Kaka Deo,

Shikamoo. Mguu wa baba unaendeleaje na baridi hii? Ulezi mmeshamaliza kuvuna? Mimi afya ninayo, ila kazini pametikisika, na nataka uyasikie kwangu mwenyewe.

Ofisini wameleta kalenda ya kwenye kompyuta. Nilipewa kazi ya kuingiza siku za kuzaliwa za wafanyakazi wote. Ukiandika na mwaka, siku ikifika mashine inahesabu yenyewe na kuonyesha umri wa mtu. Jumatatu ikatokea mbele ya kila mtu: Deogratias, miaka 36. Wakanipigia makofi, wakasema nimejitunza. Mimi nina thelathini na miwili, kaka. Siku ile ilikuwa yako.

Nilikaa na soda waliyoninunulia, nikakumbuka tulivyomaliza darasa la saba pamoja kwa kuwa wewe ulichelewa kuanza shule, wewe ukafaulu, mimi nikafeli. Baba akavunjika mguu, ukabaki kulima, nami nikaenda sekondari kwa jina lako na cheti chako cha ubatizo. Hujawahi kunilaumu. Hata mwaka jana, ulipokosa pasipoti ya kufanyia biashara ng'ambo ya mpaka wa Kasesya kwa sababu ya hicho cheti, uliniandikia tu, "Kikae huko, wewe ndiye unakihitaji."

Kesho yake niliingia kwa meneja, mama asiyependa maneno mengi. Nikamwambia, "Mimi siitwi Deogratias. Huyo ni kaka yangu, yuko kijijini kwetu Pito analima."

Akauliza nina umri gani hasa. Nikamtajia. Akanitoa ofisini siku hiyo hiyo. Sasa napanga maua kwenye maboksi mpaka wakubwa waamue. Huenda wakanifukuza. Hata hivyo sirudi nyuma, na kiapo cha kurudia jina langu nimeshakula kwa wakili. Kabla sijakabidhi meza niliurekebisha mstari wangu kwenye kalenda, jina, tarehe na mwaka. Mashine ikahesabu thelathini na miwili bila ubishi.

Cheti chako kimo humu kwenye bahasha. Kipeleke kwa watu wa pasipoti, wala usinirudishie. Changu niombee pale parokiani.

Msalimie mama, mwambie asilie, niliamua mwenyewe. Msalimie na shemeji Leokadia, na baba umsomee barua hii yote, usiruke kitu.

Jana kwenye maboksi waliniita kwa jina langu mara tatu kabla sijageuka. Nitalizoea.

Ni mimi mdogo wako,
Gaudensi