Petroli Niliyoikataa Kalinzi

Mtaa wa Katubuka,
S.L.P. 417,
Kigoma.
22 Septemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Angelina,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka huku ziwani. Natumaini barua hii itakukuta unaendelea vizuri huko Songea, wewe, shemeji Nehemia, na wanangu Bariki na Ritha. Mguu unaendeleaje? Mwanetu Shukrani ameniambia plasta imetolewa na sasa unatembea kwa mkongojo mmoja. Usijilazimishe. Wagonjwa wako unawaambia wapumzike, basi nawe jisikilize.

Sisi hatujambo kiasi. Joto ni kali, na mawingu yanapita kila jioni bila kuacha tone. Ziwa limefunguliwa tena kwa wavuvi tangu mwezi uliopita, dagaa wamerudi sokoni Kibirizi, na wifi yako Scola amekuwekea mfuko mmoja wa wale wakavu unaowapenda. Akipatikana mtu wa kuja huko atakuletea.

Mama anakula. Anakaa kwenye kiti barazani asubuhi hadi jua linapomfikia, kisha Shukrani anamrudisha ndani. Mkono wa kulia bado umelala. Mguu umeanza kukanyaga, ila ni lazima ashikwe. Maneno yanamjia moja moja, na siku nyingine hayaji kabisa. Ukimtajia jina lako anacheka upande mmoja wa mdomo.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati tuliongea kwa simu juzi tu. Angelina, kwenye simu nimekuwa nikikudanganya. Kila nikiisikia sauti yako nakosa pa kuanzia, naishia kukuuliza habari za mvua. Nimeona niandike, kwa sababu nikiandika siwezi kukukatisha wala wewe huwezi kunihurumia kabla sijamaliza.

Nilikwambia kwamba siku Mama alipoanguka, Kalinzi nzima haikuwa na petroli. Si kweli. Petroli ilikuwepo, lita kumi, mbele ya miguu yangu. Mimi ndiye niliyeikataa.

Nianze na gari lenyewe, lile mlilotuletea kwa ajili ya safari za Mama. Shemeji alipolileta mwezi wa sita alinikabidhi funguo hapa hapa barazani, akanieleza kila kitu bila haraka. Alisema fundi wa Dar es Salaam amelikagua na kwamba petroli ya kawaida inalitosha, nisihangaike na nyingine. Nilimsikia vizuri. Usije ukadhani nilikosea kwa kutojua.

Siku chache baada ya yeye kuondoka nilikwenda kujaza mafuta. Kuna kituo kimoja huku ambacho siku hizi kinauza petroli za aina mbili, ya kawaida na ile wanayoiita ya juu. Dada wa pampu akaniuliza nataka ipi. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na wa kwanza kwenye foleni hiyo alikuwa mtu niliyefanya naye kazi bandarini, aliyezoea kuniona nikipita na baiskeli miaka ishirini na mbili. Nikasema ya juu. Yule dada akasema kwa upole kwamba magari ya aina hii hunywa ya kawaida tu, nitazame chini ya kifuniko, imeandikwa. Nikashuka, nikatazama. Maandishi yalikuwa ya Kijapani. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesoma, nikamwambia imeandikwa ya juu.

Hapo ndipo uongo wangu ulipoanzia, na ulinipendeza. Tangu siku hiyo nikawa nayasema hayo kwa kila mtu: kanisani, kwa kinyozi, kwa majirani. Gari la dada yangu halinywi mafuta ya ovyo. Nadhani Scola aliona ni utoto utakaopita.

Jumapili ya tarehe saba Julai tulipanda Kalinzi kumchukua Mama ili aje akae kwetu, kama ulivyotaka. Tulifika mchana. Badala ya kumsaidia kufunga mizigo yake nikaanza kuwazungusha watu. Nilimpeleka katekista kwake na kumrudisha. Niliwapandisha wazee hadi mwisho wa barabara, nikawashusha. Niliacha injini ikinguruma nje ya duka la Gervasi ili watu waonje ubaridi wa ndani. Hapo dukani, mbele ya watu wasiopungua kumi, Gervasi akaniuliza kama nitahitaji petroli ya kurudia, maana wewe ulimwomba awe anaweka akiba kwa ajili ya safari za Mama, naye ameweka. Nilimjibu, "Ndugu yangu, hiyo yako ya chupa ni ya pikipiki. Hili nikilitilia hiyo litakufa."

Watu walicheka. Gervasi naye alicheka kidogo, akarudi ndani ya duka lake. Ni mtoto wa baba mdogo, tumekula naye sahani moja tangu wadogo, na mimi nilimsema hivyo mbele ya wateja wake.

Tulilala huko. Asubuhi ya Jumatatu, kama saa nne hivi, Mama alikuwa anaanua kahawa yake ya mwisho kwenye kichanja. Scola akasikia kitu kimeanguka. Tulimkuta ameketi chini, ungo umemwagika mapajani, na mdomo umekwenda upande. Alitaka kusema nasi, ikatoka sauti isiyo na maneno. Mkono wa kulia ulikuwa kama si wake. Mganga wa zahanati aliitwa, akaja mbio, akampima, akasema tumuwahishe hospitali ya mjini wakati huo huo.

Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Scola. Nilipowasha gari, taa ya mafuta ikawaka. Nilikuwa nimeyamaliza kwa kuwazungusha watu.

Gervasi alifika kabla sijashuka. Alikuwa amebeba madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, na mpira wa kumiminia shingoni. Alisema, "Fungua kifuniko, kaka, umpeleke Mama."

Angelina, kifuniko sikukifungua.

Watu walikuwa wamejaa uani, na karibu nusu yao walikuwepo dukani siku iliyopita. Niliwaona wakiyatazama yale madumu, kisha wakinitazama mimi. Nikasema gari hili halitaki mafuta hayo, likizimika kwenye kona za mlimani Mama atatufia njiani. Niliyasema kwa sauti ya mtu anayejali. Scola akaniita kutoka ndani ya gari. "Yona, huyu ni mama yako." Nikamwambia anyamaze, mambo ya magari hayajui.

Ningeweza kukwambia niliogopa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, maana wapo wanaofanya hivyo. Lakini ya Gervasi haijawahi kuharibu pikipiki ya mtu, na nilijua. Kitu nilichoogopa ni kuonekana nikimimina ile petroli niliyoicheka.

Nikamtuma Gervasi mwenyewe. Nilimwambia achukue pikipiki, ateremke mjini, akaniletee petroli ya juu kwenye kituo kile. Aliyaweka madumu chini kando ya tairi, akaenda. Pikipiki yake ilikuwa inatembea kwa petroli ile ile niliyoikataa.

Kuna jingine ambalo hata Scola hajawahi kulisema kwa mtu. Gervasi alipokuwa ameshaondoka, ilipita pikapu ya mzee Nizigama, yule mwenye ndizi, ikiteremka mjini. Alisimama, akauliza, akaelezwa. Bila kuombwa akaanza kushusha mikungu yake ili Mama apate nafasi ya kulala. Alikwishashusha mitano au sita nilipomwambia asisumbuke, sisi tunalo gari. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akaipakia upya mikungu yake, mmoja mmoja, akaenda zake.

Mama alikuwa anasikia. Hilo ndilo linaloniamsha. Macho yake yalikuwa wazi, yakitoka kwa Scola na kuja kwangu, na alielewa kila neno.

Gervasi alirudi saa saba na nusu. Alikuta foleni, na akiwa njiani kurudi tairi lilipata pancha. Tulifika hospitali saa tisa kasoro. Daktari aliuliza hali hiyo ilianza saa ngapi. Wewe ni muuguzi, unajua kwa nini aliuliza. Nikafungua kinywa changu na kusema saa saba. Scola alisema nyuma yangu, taratibu, "Saa nne, daktari. Ilianza saa nne." Daktari alinitazama, akaandika aliyosema Scola. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Baadaye nilimuuliza kama Mama angepona zaidi tungefika mapema. Alisema hakuna awezaye kuapa, ila saa zile za mwanzo ndizo zenye nafasi. Nimeibeba sentensi hiyo hadi leo.

Ningeendelea kuibeba kimya, huo ndio ukweli wa udhaifu wangu. Lakini mwezi uliopita Scola alinieleza kwamba ulimpigia Gervasi simu. Ulimwambia alikuahidi kuweka akiba ya petroli, na siku ilipohitajika hakuwa nayo, na kwamba usingependa tena kusikia habari zake. Ulikuwa na haki ya kukasirika kwa habari nilizokupa mimi. Gervasi alikujibu, "Pole sana, dada," akakata simu. Hakunitaja. Na wiki hiyo hiyo aliteremka kumwona Mama, akamletea maharage mapya, akaketi naye barazani karibu saa nzima akimsimulia mambo ya kijiji, mimi nikiwa nimejificha chumbani kama mtoto aliyevunja kitu.

Jumatano nilipanda Kalinzi. Nilikwenda kwa gari la abiria. Nilimkuta Gervasi dukani akipanga sabuni. Nilimwambia yote, pamoja na ile habari ya kituoni na maandishi ambayo sikuweza kuyasoma. Nilipiga magoti, Angelina, mimi mkubwa kwake. Alinishika mkono akaniinua, kwa sababu kulikuwa na mteja mlangoni. Mteja alipoondoka akasema, "Mimi nilikuwepo, kaka. Asiyekuwepo ni Angelina. Mwandikie yeye."

Ndiyo maana nakuandikia. Nakuomba umpigie Gervasi. Mimi usinipigie mpaka utakapotaka mwenyewe, na usipotaka nitaelewa. Sikuombi unisamehe katika barua hii, maana ningekuwa natafuta kujipumzisha.

Gari liko hapa. Funguo nimempa Shukrani, amejifunza na ana leseni sasa, na ndiye anayempeleka Mama kwenye mazoezi Jumanne na Ijumaa. Analijaza petroli ya kawaida. Linakwenda vizuri, halijawahi kukohoa hata mara moja. Kila likitoka getini bila shida mimi naangalia pembeni. Ukiamua lipelekwe Kalinzi likae kwa Gervasi, niambie, nitamwomba Shukrani alipeleke kesho yake. Ukiamua liuzwe, vivyo hivyo.

Kabla ya kuifunga barua hii nimeona si haki uisome wewe kabla Mama hajajua ninalokwambia. Kwa hiyo leo baada ya ibada niliketi miguuni pake nikamsomea yote, tangu mwanzo hadi hapo juu. Sikuruka kitu. Shukrani alikuwepo, na yeye alikuwa hajui habari ya mzee Nizigama. Alitoka nje katikati.

Mama alisikiliza akinitazama usoni. Nilipomaliza nikangoja. Alihangaika na mdomo wake muda mrefu, nami nikadhani ni mojawapo ya zile siku ambazo maneno hayaji. Kisha akasema, kwa taabu lakini wazi kabisa, "Peleka."

Niliikunja barua mbele yake; nimeikunjua tu ili kukuongezea haya.

Scola anakusalimu sana, vilevile Shukrani. Tusalimie shemeji Nehemia, na umwambie sikusahau alichonielekeza. Wabusu Bariki na Ritha. Mungu auponye mguu wako, aulinde mji wako, na akufikishe huku Disemba umkute Mama akikungoja barazani.

Wako akupendaye, ingawa hakukutendea vyema,

Kaka yako,
Yona.