Alichochukua Odell

Jumatatu, 2 Oktoba
Mkutano wa chama, chumba cha mapumziko, kahawa iliyoungua. Mkataba umepita. Sasa sisi wapakiaji mizigo kila mtu achague: abaki kwenye pensheni ya chama, au kampuni ianze kumwekea fungu la mshahara kwenye akaunti yake ya uzeeni. Kubadili mawazo ruksa mpaka Ijumaa saa sita mchana, baada ya hapo basi.
Pensheni ni kila mwezi hadi kufa, halafu mjane anapata nusu. Akaunti, soko la hisa likipanda unacheka, likishuka unarudi kubeba masanduku na miaka sabini. Mgongo wangu umelia kusikia tu. Ila kinachobaki ni chako, unamwachia umtakaye.
Mwakilishi alieleza mno. Katikati nilikuwa nawaza sandwichi.

Jumanne, 3 Oktoba
Hakuna anayeuliza ipi bora. Wanauliza Odell amechukua ipi. Ndivyo tulivyo. Zamu, likizo, siku za kupumzika — hapa kiwanja cha ndege Milwaukee vyote huchaguliwa kwa miaka ya kazi, na Odell ndiye mkongwe. Akichukua Julai, Julai imekwenda. Basi tumezoea: alichochukua Odell ndicho kitamu. Mimi wa pili. Nimekula makombo yake miaka yote, na yamenikalia tumboni vizuri tu.
Leo kabonyeza akaunti kwenye kompyuta ya chumba cha mapumziko. Nikabonyeza akaunti. Roxanne, wa tatu, akabonyeza. Kondoo wenye vizibao vya kung'aa.

Jumatano, 4 Oktoba
Nimemwambia mke wangu Marlene. Aliendelea kumenya viazi.
"Odell ana mke?"
Walishaachana, nikasema.
"Mimi je, nimekuacha?"
Nijuavyo mimi, bado.
"Walt, wanawake wa kwetu hawafi. Mama ana tisini na moja na bado ananigombeza kuhusu nywele. Wewe, kwa soseji unazokula, utaniacha mapema. Nitakula soko?"
Nilikula viazi.

Alhamisi, 5 Oktoba
Ndani ya tumbo la ndege ya Denver, mimi na Odell, magotini, tukipanga masanduku. Akasimama kuvuta pumzi. Akakaa juu ya begi la mtu. Odell hakai.
Nikamuuliza kwa nini akaunti.
"Pensheni ni ya mtu mwenye muda, ndugu yangu." Mapafu. Daktari hakumzungusha. Pensheni itazimika naye. Akaunti itabaki kwa Denise, binti yake. Ndiyo hesabu yote.
"Wewe nilidhani umepiga hesabu zako," akasema.
Nilipiga zako, nikamwambia.
Alicheka hadi akakohoa, na kikohozi hakikutaka kuisha. Kisha akanishika mkono: nisimwambie mtu. Wakijua wataanza kumbebea masanduku, na hilo hatalivumilia.

Ijumaa, 6 Oktoba
Nimerudi kwenye pensheni asubuhi. Marlene amesema leo samaki wa kukaanga ni juu yake.
Odell hakuja, yeye asiyekosa zamu. Nimempigia, hapokei. Nimemwandikia: naomba niwaambie wenzetu, walau Roxanne. Kimya.
Kwa sababu Roxanne ameniona nikibadili. Mume wake Stan hajafanya kazi tangu aanguke. Wanaishi kwa mshahara wake yeye. Kama kuna mtu anahitaji pensheni —
"Umebadili? Odell naye kabadili?"
Hapana.
"Basi unajidai nini, mzee? Odell hajawahi kuchagua vibaya."
Hakuchagua vibaya, nikasema. Amechagua ya kwake. Si Julai hii, Roxanne. Yeye akichukua, yako bado ipo. Mfikirie Stan. Ukitangulia wewe, Stan atakula nini?
Nilijiona nimesema kwa akili sana.
Akaweka kikombe chini. Saa tano na nusu. Hakuitazama kompyuta, alikuwa ananitazama mimi, na uso wake ukabadilika taratibu.
"Walt," akasema. "Odell anaumwa nini?"