Karatasi Aliyoichagua Baba

Masama, Jumapili

Kaka Aminieli,

Shikamoo. Ng'ombe amezaa jike, na mvua ya kahawa imenyesha vizuri.

Tangu upasuaji wa koo, Baba hatoi sauti. Anazungumza nasi kwa ile kalamu yake ya kujaza wino, lakini kwenye daftari la kawaida wino unatawanyika na kutokea upande wa pili. Juzi nilimpeleka dukani Moshi. Alipapasa kila karatasi, akaandika neno, akaigeuza kutazama mgongo.

Muuzaji, dada aliyevaa beji ya jina lake, akacheka. "Mzee, karatasi si karatasi tu?"

Baba akaandika jina la yule dada kwenye karatasi mbili tofauti, akampa.

"Jamani," akasema, "jina langu sijawahi kuliona zuri hivi."

Nilijivuna, kaka.

Baba akachagua iliyo laini, nzito kidogo, isiyonyonya wino. Kumbe ni kwa ajili yako. Leo ameharibu tatu, ya nne ndiyo hii niliyoifungia humu: "Aminieli, nilikosea kukufukuza. Njoo nyumbani."

Tangu aiandike amekaa kibarazani akitazama barabara, ingawa nimemwambia barua haijaondoka.

Mdogo wako,
Elisifa