Desideri, Jiko Lako Limepoa

Desideri, mzee mwenzangu,

Shikamoo sikupi. Nimekuzidi miezi minne, na kunitangulia kaburini hakukufanyi mkubwa wangu. Habari za huko? Za huku ni ushindi mtupu. Kaa nikusimulie. Kama huko hakuna viti, chonga, wewe si seremala?

Kompyuta yako imekubali.

Maana ulituachia kasheshe. Tangu milango ya biashara ifunguliwe na maduka ya Sumbawanga yajae vitu tusivyojua vinaliwa au vinavaliwa, wazee wenzako walijenga vyumba vya kupangisha. Wewe ukauza ng'ombe, ukamletea Sabina kompyuta kutoka Dar afungue ofisi ya kuchapa. Nilipocheka ukasema, "Cheka tu, Kamili. Binti yangu ndiye atakayechapa tangazo la mazishi yako." Haya, nani kazikwa?

Matanga yako yamekwisha tu, mashine ikaanza kuzimika. Sabina anachapa robo saa, kioo kinakuwa cheusi, kazi imepotea. Na mwezi wa saba huu, Desi, upepo unakata masikio, watu tunalala na makoti, halafu kompyuta inakufa kwa joto! Ukiigusa utadhani sufuria ya ugali. Mjini wakaipa jina: Jiko la Desideri. Mtu akipita anachungulia mlangoni, "Sabina, mahindi yameiva?" Hata mimi niliuliza hivyo mara mbili. Nisamehe. Mara tatu.

Kisha mwalimu mkuu akaleta mitihani ya majaribio ya kuchapwa. Akasema, "Ijumaa isipokuwa tayari napeleka Mbeya, na hapa sirudi." Sabina akaniambia ikishindikana anaiuza, anarudi kijijini Msanzi kulima. Alisema polepole, kama wewe ulivyosema hospitali kwamba huwezi tena kushika randa. Hapo sikucheka.

Jumatano asubuhi nikaenda.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nionyeshe mgonjwa."

"Fundi keshakuja, kasema imechoka."

"Mimi nimechoka kuliko hiyo na bado natembea. Fungua."

Akatoa ufunguo! Desideri, ulifungia kompyuta kabatini. Kabati la mninga, kazi safi, mbao zimebanana hata vumbi la kiangazi halipiti. Na hewa je, ulidhani itabisha hodi? Juu yake shemeji ametandika kitambaa chake cha kufuma, kile cha bata, kimening'inia hadi mgongoni. Mlimvalisha koti na kofia mtu mwenye homa.

Ndipo nikakumbuka ilungu la babu yako, lile tanuru la kuyeyushia chuma kule mlimani Msanzi, refu kuliko watu wawili. Halikuvukutiwa na mtu. Matundu kumi chini, mdomo mmoja juu, basi. Babu alikuwa anatuambia, "Mwacheni upepo aingie chini akiwa baridi. Juu atatoka mwenyewe, tena kwa hasira." Kwake upepo ulikoleza moto, kwetu ungeondoa joto, lakini njia yake ni ile ile.

Na hapa nikuambie nililokuficha tangu utoto, maana sasa huwezi kunipiga. Mara ya mwisho walipoliwasha, mimi nilikuwa nimeziba matundu mawili ya nyuma kwa udongo, nione itakuwaje. Moto ukalegea, chuma kikatoka uji. Wazee wakasema kuna mtu amevunja mwiko, amelala na mkewe siku za tanuru. Wakamkamata mjomba wako, kaoa juzi tu, na uso wake ukakubali kabla mdomo haujakataa. Akatoa mbuzi wa kutakasa. Mbuzi yule tulimla wote, na wewe ulilamba vidole.

Basi nikawasha sigara. Sabina akaruka, "Baba mkubwa, humu hamvutwi sigara!"

"Sivuti, napima."

Nikapuliza moshi mgongoni mwa kompyuta. Kuna feni mbili. Ya juu ikautema moshi nje, ya chini ikaumeza ukarudi ndani. Mashine inakula matapishi yake! Kumbe yule fundi alipoisafisha aliirudisha feni kinyume. Skrubu nne, nikaigeuza. Ndani kuna nyaya pana kama mikanda ya suruali, zimekaa katikati ya njia. Nikazibana pembeni kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Uso wa mbele wa mashine, ule wa plastiki, haukuwa na tundu hata moja. Nikaung'oa, nikautoa nje, nikautoboa kwa msumari wa moto, chini kabisa, na kwa ndani nikaweka kipande cha chandarua kizuie vumbi.

Likabaki kabati.

"Hilo hapana," Sabina akasema. "Ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya baba."

Na mimi mkono ulikataa, Desi. Nilipapasa zile kona zako, huwezi kuingiza hata wembe. Nikakaa chini.

Mama Sabina akatoka uani. Akavua kitambaa chake cha bata, akakikunja, akanipa keekee yako. "Toboa, shemeji. Angekuwepo angetoboa mwenyewe, huku anakutukana."

Nikatoboa. Matundu kumi mlangoni, chini, na mgongoni juu nikakata dirisha la viganja viwili. Machozi yalikuwa ya vumbi la mninga, usianze.

Alhamisi asubuhi Sabina akawasha, kabati limefungwa kwa ufunguo wako. Robo saa ikafika. Akaacha kuchapa, anakitazama kioo kama anayemsubiri mwizi. "Chapa, wewe!" Nusu saa. Saa nzima. Adhuhuri ikatukuta, nikaweka kiganja dirishani: hewa inatoka vuguvugu, nyororo, kama pumzi ya ndama. Nikacheza pale pale dukani, na goti hili hili bovu.

Ijumaa mwalimu mkuu akabeba mitihani yake yote. Akaniuliza nimesomea wapi. "Kwa babu yake Desideri," nikamwambia, "niliishia darasa la matundu mawili." Hakuelewa. Wewe umeelewa. Na yule jirani wa duka la vipuri, aliyekuwa wa kwanza kuuliza mahindi, jana kaniita nikamwangalizie kompyuta yake. Nilisimama mlangoni kwake, nikapaza sauti mtaa mzima usikie, "Mahindi yameiva?"

Sabina haendi kulima. Lala, mzee. Ukimwona mjomba wako, mweleze taratibu habari ya mbuzi. Mwambie nitakuja kujibu mwenyewe, ila sina haraka. Siku tuliyokuzika nilipanda hadi kwenye ilungu. Nusu yake imesimama bado, na udongo wangu umo, moto uliuchoma ukawa tofali, na alama za vidole vyangu vidogo juu yake. Nakuahidi, Jumamosi napanda na tindo yako, nayazibua matundu yote mawili. Ukisikia upepo unapita upande wa nyuma, ujue ni mimi.

Wako aliyebaki,
Kamili