Vidole Viwili Ndani ya Mshono

Chumba Na. 46,
Ghorofa ya Tano.
Tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi, na nyingine juu yake. Hujambo? Jino limepoa, au bado unamkimbia daktari wa meno kwa visingizio? Magoti ya Baba yanasemaje? Na Shangazi bado anagombana na jogoo wa jirani? Mimi mzima, isipokuwa midomo imepasuka kwa baridi na nikicheka inauma. Bahati nzuri hapa sichekeshwi sana.

Barua yako nimeipata, na swali lako nimeliona, usidhani nalikwepa. Unataka kumuuzia Kipara wa duka la vitambaa cherehani ya marehemu mama, upate nauli ya kunifuata, naye anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nitakujibu. Kwanza nikueleze ninavyoishi.

Chumba changu ni hatua sita kwa nne. Jirani yangu namjua kwa kikohozi tu. Akikohoa mara mbili asubuhi, najua anatoka kwenda kazini. Huu ni mwezi wa tatu tangu nifike, sura yake sijaiona.

Wiki ya kwanza nilijitia kusalimia kila mtu kwenye ngazi. Niliwasalimia kumi na wawili, akaitika mmoja, naye kumbe alikuwa anaongea na simu. Lakini si watu wabaya. Siku mfuko wangu ulipopasuka barabarani, watatu waliinama wakaniokotea viazi vyote, wakanikabidhi, wakaenda zao. Hata jina hawakuniuliza.

Taa za barabarani hapa zinaheshimiwa kama mkwe. Juzi nilisimama peke yangu kwenye barabara tupu, nikisubiri taa inipe ruhusa. Nilijiona mjinga, ila sikuvuka.

Kazi ni ya ushonaji, kama nilivyoahidiwa. Tuko mafundi ishirini kwenye chumba kimoja kirefu, tunarekebisha nguo. Mteja humwoni. Nguo inakuja na kikaratasi chenye namba, basi. Kwetu mtu akija kupimwa suruali tulijua mpaka ugomvi wake na mashemeji zake. Huku sijui hata kama mwenye gauni anakwenda harusini au msibani.

Wiki ya pili nilipewa magauni thelathini niyapunguze mbavuni. Nikayapunguza vizuri, na kama mama alivyotufundisha, nikaacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya kila mshono, ili mwenyewe akinenepa lifumuliwe, au akilichoka lipanuliwe kwa ndugu yake. Msimamizi wetu, mama mmoja mrefu, akaligeuza la kwanza ndani nje.

"Kitambaa chote hiki cha nini?"

"Cha baadaye, mama," nikamwambia kwa lugha yao ninayookoteza. "Akinenepa."

"Akinenepa si atanunua jingine?"

Hakukasirika hata kidogo. Alinipa mkasi tu. Nilikata mpaka jioni, mishono sitini, vipande vikajaa mfuko wa taka. Nilijikaza kisabuni, sikulia.

Cherehani zao ni za umeme, si za kukanyaga kama zetu. Unaigusa kwa ncha ya kiatu, inakimbia yenyewe. Ni raha, sikufichi. Lakini wiki jana, wakati wa chakula, fundi anayekaa mbele yangu alinionyesha chini ya meza huku akicheka. Miguu yangu ilikuwa inakanyaga. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Sijui ilianza lini. Nikiituliza inatulia, nikisahau inaanza tena.

Mdogo wangu, mimi cherehani yangu nilimuuzia Kipara huyo huyo, nikawaambia nyote kwamba nakwenda kupata iliyo bora. Maneno yale niliyatia chumvi. Naijutia kila siku. Nikirudi leo, kwenye ile baraza yetu ya kushonea nitakaa kiti cha wateja.

Basi jibu langu ni hili. Kuja, njoo. Kitanda tutabanana, na pengine wewe utafaulu kumsalimia yule wa kikohozi. Lakini cherehani ya mama usiiuze. Mwambie Kipara hapana, na akikubembeleza mwambie dada amekataa. Nauli nitaitafuta mimi, hata ikichukua mwaka, nawe vumilia. Acha vidole viwili nyuma yako, tuwe na pa kufumulia.

Nisalimie Baba, mwambie soksi zinakuja. Nisalimie Shangazi, na jogoo pia. Mungu awafunike nyote, awape usingizi mwema na riziki ya kesho.

Ukishampa Kipara jibu, kaa kwenye cherehani ya mama, usitie nguo wala uzi. Ikanyage kidogo kwa ajili yangu.

Ni mimi dada yako,
akupendaye na kukugombeza.